Mtani Aliyevaa Koti la Mzee Damiani

Siku mliyoniaga pale kitengoni, vijana wangu, mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa mpaka leo sijaelewa mtu aliyeambiwa hana tena pa kuwahi anapewa saa ya nini. Nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Lakini kabla ya saa mlizima taa, mkarusha ukutani ile video ya Mzee Damiani, yule mzee wa Matombo anayeimba na kingoma chake magotini huku ukungu unakimbia nyuma yake. Mkasema hii ndiyo kazi bora iliyowahi kutoka mikononi mwa Fundi Mrutu. Makofi yakapigwa. Binti mmoja mgeni pale kitengoni akasema, "Huyu mzee alizaliwa kwa ajili ya kamera." Nikanyamaza, maana keki ilikuwa inasubiri kukatwa na watu walikuwa na njaa.

Sasa nina muda, acha niseme. Kwanza, video ile si yangu. Mimi nilishika kamera na kuunganisha vipande; aliyeiona kichwani kabla haijawa video ni Dada Felista. Pili, yule mliyempigia makofi siye Mzee Damiani. Wakati tunapiga picha ile, Mzee Damiani alikuwa ndani ya jeneza, ndani ya nyumba iliyokuwa nyuma ya mgongo wangu. Kitu hiki kimenikaa rohoni muda mrefu, na kwa kuwa ninyi ndio mtakaobaki na kabati la kanda, afadhali mjue.

Nilikuja Morogoro kijana kutoka Upare, nikatoka mlima mmoja nikaja kukaa chini ya mwingine. Kitengo chetu, mnakijua, kilianzishwa kutengeneza filamu za wakulima: namna ya kukausha mahindi, namna ya kumtambua mdudu wa maharage, namna ya kumwambia mkulima kitu anachokijua tangu utotoni. Siku ya kwanza nikakabidhiwa kwa mwongozaji, mwanamke mrefu aliyevaa kandambili ofisini na kuweka viatu vya ngozi chini ya meza kwa ajili ya wageni. Huyo ndiye Felista. Alinipa kamera, akanitoa nje, akalaza jembe kwenye nyasi.

"Piga picha jembe," akasema.

Nikapiga. Akatazama, akanirudishia kamera. "Tena. Mpaka jembe lenyewe lichoke na wewe."

Nilipiga jembe lile siku nzima. Kutoka juu, kutoka chini, dhidi ya jua, kivulini. Jioni nikampelekea picha ya ukingo wa jembe tu, umelika katikati, na udongo mkavu umeshika pembeni. Akaitazama kwa muda. "Hapo sasa naona mtu ametoka shamba," akasema, akavaa viatu akaenda zake. Hakuna aliyetokea kwenye picha ile. Ndiyo shule niliyosoma, na sijapata nyingine iliyonifaa zaidi.

Lakini mapenzi yake makubwa hayakuwa maharage. Yalikuwa video za muziki. Saa ya chakula alikuwa anaingia chumba cha kuunganisha na wali wake kwenye kontena, anaweka kanda yoyote aliyoipata, za hapa nchini, za Kongo, za Ulaya huko, anatazama huku anatafuna. Mahali pakimvutia anasimamisha picha. Hakuuliza mwimbaji ni nani. Aliuliza, "Mrutu, kamera iko wapi hapa?" Nikikosea ananirudisha nyuma. Nikipatia anauliza la pili, "Na kwa nini aliiweka hapo?" Kwake yeye aliyekuwa nyuma ya kamera ndiye mtu wa kuvuliwa kofia, na alikuwa anawazungumzia waongozaji ambao hajapata kuwaona kama watu wanaokaa nyumba ya pili.

Enzi zile video zetu zilikuwa na mapishi mawili. Msanii wa bongo fleva anaegemea gari la kuazima. Kwaya inayumba kulia na kushoto kwenye maua ya mzunguko wa barabara. Mkuu wa kitengo alituruhusu tuwasaidie wasanii wa mjini siku za mapumziko, na msanii wa kwanza aliyekuja alikuja na gari lake la kuazima tayari. Felista akalizunguka, akaligonga boneti. "Gari hili limeimba nyimbo nyingi kuliko wewe," akamwambia. "Lirudishe."

Wimbo wa kijana yule ulikuwa wa mapenzi, ameachwa, anataka kufa. Felista akatupeleka milimani, akaazima machela, ile ya miti miwili na blanketi ambayo watu wa juu huitumia kuteremshia wagonjwa mpaka barabarani. Akanilaza mimi humo na kamera kifuani chini ya shuka, lenzi tu ikichungulia. Vijana wanne wakaniinua tukaanza kushuka. Watu tuliokutana nao njiani wakatua mizigo, wakasogea, wakainama juu yangu. "Poleni na mgonjwa." "Anaumwa nini, maskini?" Bibi mmoja alitufuata hatua nyingi, akanishika paji la uso, akasema homa imeshuka. Nililala pale nimebana kicheko. Na hiyo ndiyo ikawa video: dunia nzima inakutazama kutoka juu kwa huruma, mwanamume aliyeachwa anashushwa mlima, na sauti ya yule kijana inalia. Baada ya kurekodi Felista akarudi kwa kila mmoja kumweleza na kumwomba ruhusa. Yule bibi alikubali, ila akataka kujua kama nimepona.

Nawaambia haya mjue alikuwa mtu wa namna gani. Watu wa mjini walikuwa wanasimama dukani kuitazama ile machela mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye betri. Milimani umeme haukuwepo, na msanii ili aigize kuimba lazima asikie wimbo wake. Tulikuwa na redio kaseti kubwa ya betri kavu. Kila mtu wa umri wangu anajua betri zikichoka zinaanikwa juani, juu ya bati, zinapata nguvu ya kumalizia. Siku moja tuko juu, tunarekodi na mwimbaji mmoja wa dansi, jua likakosekana. Betri zikachoka, wimbo ukaanza kujivuta, sauti ikawa nzito kama ya mtu aliyetoka kung'oa jino. Mwimbaji, mtu mwenye adabu, akajivuta nao. Nikataka kusimamisha. Felista akanizuia kwa mkono.

Tuliporudi ikabidi niikimbize picha ile ili midomo ilingane na wimbo wa kweli. Betri hazichoki kwa mpangilio, kwa hiyo nilikwenda kipande kwa kipande, nikatukana sana. Kilichotokea hatukukitegemea. Mwimbaji anaimba kama kawaida, mdomo na sauti vimekaa pamoja, lakini nyuma yake migomba inatetemeka, moshi wa jikoni unaruka, na ukungu wa Uluguru unapita kwa kasi kama umeitwa. Felista aliweka kijiko chini. Sijawahi kumwona akiacha kula.

Siku ile ile akaniambia, "Hivi ndivyo nitakavyompiga picha Mjomba."

Mjomba ndiye Mzee Damiani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Felista alimwogopa na kumpenda kuliko baba yake. Mzee alikuwa mwimbaji wa Matombo nzima, na kingoma kidogo alichokibana magotini. Alipoteremka mjini kutibiwa macho tulimchukua sauti kitengoni, wimbo wake mmoja, wa mtu anayebishana na mlima: mlima unamwambia amezeeka, yeye anaujibu kwamba na wewe una kipara. Alipomaliza tukamsikilizisha. Akasikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Sauti mmeipata," akasema. "Lakini sauti hata redio inayo. Felista mwanangu, mimi nataka wajukuu wanione mdomo. Wajue huyu aliyekuwa anaimba ndiye huyu."

Hicho tu ndicho alichoomba. Katika maisha yangu ya kazi nimeombwa mambo mengi ya ajabu na watu wengi wenye makoti mazuri zaidi, na sikumbuki ombi jepesi kama lile.

Tukapanda Matombo. Felista alikuwa ameshapanga kila kitu. Hakutegemea tena betri kuchoka. Alitengeneza kaseti yenye wimbo uliopunguzwa kasi makusudi. Mzee atakaa kwenye kigoda ukingoni, bonde likiwa nyuma, ukungu ukipanda kutoka chini, yeye ametulia na dunia inakimbia. Tulimkuta amevaa koti lake la mistari, kifungo cha chini tu kimefungwa, amenyolewa. Mkewe Bibi Tekla alikuwa amemkagua tangu asubuhi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba Mpare. Umekuja kunichukua uso? Uchukue wote, usiache masikio."

Ninyi leo simu zinawafanyia kila kitu. Sisi kabla ya kurekodi tulipima weupe: unaionyesha kamera kitu cheupe ili iijue nyeupe ya siku hiyo, usije ukawageuza watu rangi ya bluu. Nikampa Mzee karatasi aishike mbele ya uso wake. Akaishika kwa mikono miwili kama anayesoma gazeti. Mwanzo wa kanda huwa haufai kitu, kwa hiyo nikauacha uzunguke wakati napima. Nikamaliza, nikasimamisha kanda, ndivyo nilivyofundishwa, usile kanda bure. Ndipo nikamwambia ateremshe karatasi. Akateremsha, akacheka.

Ukungu haukuja. Anga lilikuwa tupu, bonde linaonekana hadi mwisho wake, siku nzuri ambayo mtalii angeilipia. Mimi nilisema turekodi tu, ukungu utakuja siku nyingine tuongeze. Felista akatikisa kichwa. "Hiyo itakuwa picha ya mzee amekaa," akasema. "Za namna hiyo ziko nyingi." Hakuwa na kiburi, msije mkamdhania vibaya. Alikuwa anampenda yule mzee, na aliona kila kitu kisichokuwa kile alichokiona kichwani ni kumpunja.

Tukasubiri. Mzee amekaa kwenye kigoda na koti, jasho linamtoka, akikohoa kile kikohozi chake kifupi cha mara mbili na kuvuta mkono wa kushoto wa koti kama alivyozoea kabla ya kuanza wimbo. Kila akivuta, mimi naweka jicho kwenye kamera. Kila mara Felista anatazama bonde, anasema bado.

Mtani wake Mzee Salumu alikuwa amekuja kuangalia. Kule kila ukoo una ukoo wa watani wake, wana haki ya kukutukana mchana kweupe na kuchukua kuku wako, na siku ya msiba wako wao ndio wenye kazi. Salumu na Damiani walikuwa wametaniana tangu utoto. "Mwache akae hapo akauke," Salumu akasema. "Tutamfanya ubao wa kukatia mboga."

Jua lilipoanza kushuka Mzee akauliza, "Felista, huo ukungu wenu mmewekeana miadi?"

"Nisamehe Mjomba. Tutarudi. Nataka utoke vizuri."

"Haya. Mimi nitakuwepo. Sijui ukungu."

Hatukurudi haraka. Mvua zikaharibu barabara, kamera ikatakiwa kwenye mradi wa mihogo, mambo ya kazini mnayajua. Kila Jumatatu Felista alitoka nje ya kitengo, akatazama milima, akaniambia leo huko juu ukungu lazima ni mzito. Kisha zikaja habari kwamba Mzee Damiani amelala na hakuamka.

Tulipanda na kamera, kwa sababu familia iliomba maziko yarekodiwe. Tulipofika tu, nikaona. Ukungu ulikuwa umejaa bonde lote, unapanda kwenye migomba, unaingia hadi uani, ule ule Felista aliokuwa anausubiri. Alisimama pale njiani akiwa na kanga kichwani, akiutazama.

Waombolezaji wamejaa, na redio kaseti iko barazani inapiga wimbo wa Mzee, nakala tuliyompa. Ilikuwa inaupiga tangu msiba ulipoanza, na kwa kuwa jua halikuwa limeonekana kabisa, hapakuwa na pa kuanika betri. Wimbo ulikuwa umechoka. Sauti ya Mzee ilitoka nzito, ya polepole, kama anaimba akiwa amebeba kitu.

Watani wakaanza kazi yao. Mmoja alikuwa ameshalala kaburini anadai hatoki mpaka apewe jogoo. Watu wanacheka na kulia kwa zamu, ndivyo inavyokuwa. Mara Mzee Salumu akatoka ndani amevaa koti la mistari la Damiani, amebeba kigoda na kingoma. Akaenda kukaa pale pale ukingoni. Kwa watani hilo ni jambo la kawaida, kumuiga marehemu ili waliobaki wapumue. Akakohoa mara mbili. Akavuta mkono wa kushoto. Uani pakalipuka kicheko.

"Koti umelivaa vibaya," Bibi Tekla akamwambia kutoka kwenye mkeka. "Alikuwa anafunga kifungo cha chini."

Salumu akafunga kifungo cha chini.

"Na mabega asingeyapandisha hivyo. Shusha."

Akashusha. Bibi Tekla akamtazama, akacheka mpaka akalala ubavu, halafu kicheko kikageuka, wanawake wakamshika. Na Salumu akaanza kuimba, yaani alifungua mdomo tu, sauti ya Damiani ikatoka redioni ikiwa imejivuta, na yeye akajivuta nayo, kila neno mahali pake. Alikuwa ameusikia wimbo ule maisha yake yote. Alipofika pale mlima unapoambiwa na wewe una kipara, akatupa kidevu juu. Nawaambia ukweli, alikuwa ni Damiani.

Felista alikuwa karibu yangu. "Mrutu," akasema. "Kamera."

Nikarekodi hadi wimbo ukaisha. Ukungu ukapita nyuma yake taratibu. Wimbo ulipokwisha Salumu alibaki amekaa, kisha akaweka uso kwenye mkono wa koti lile na akalia kama mtoto, na hapo hakuwa anamuiga mtu. Kipande hicho hamjakiona. Felista alikikata kwa sababu alisema kile ni cha Salumu mwenyewe.

Tuliunganisha kule kitengoni. Nikaikimbiza picha, midomo ikakaa, ukungu ukaruka, na kila kitu Felista alichokuwa amekiwaza kikawa mbele yetu, isipokuwa Mjomba. Alitazama huku machozi yanamdondokea kwenye kibodi. Mwanzoni kabisa akaandika maneno meupe kwenye weusi: wimbo ni wa Damiani, aliyevaa koti lake ni mtani wake Salumu, msibani. Akayaacha muda mrefu ili hata msomaji wa taratibu ayamalize. Tukaipeleka nakala kwa familia.

Nilimpelekea Bibi Tekla kitu kingine pia. Nilimwekea kwenye kioo kidogo cha kamera ule mwanzo wa kanda ya siku ya jua. Karatasi nyeupe, na vidole vinane vimeishika, vinne huku na vinne huku. Hakuna zaidi. Akasogeza kioo karibu na macho.

"Ndiyo yeye," akasema. Akangoja. "Hateremshi?"

"Hapana, bibi. Nilisimamisha."

Akavitazama vile vidole tena, akanirudishia kamera, akaniuliza kama nimekula.

Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi. Video ikanakiliwa, ikanakiliwa tena, ikafika mjini, kisha simu zikaja na mtu mmoja, sijui nani wala sina ugomvi naye, akaitupa mtandaoni. Akaona ule weusi wa mwanzo unachosha, akaukata. Akaandika juu yake jina la Mzee Damiani. Ikaenda. Watu wa mbali wakaandika kwamba wamelia. Vijana wa filamu wakaanza kuichambua, ukungu ule umefanywaje, mzee yule kaelekezwaje. Felista akaanza kupongezwa barabarani. Mwongozaji mmoja kijana alikuja kutoka Dar kumpa mkono, heshima tele. "Mama, ulimfanya vipi mjomba wako asahau kamera?" Akamweleza ukweli. Yule kijana akacheka, akadhani anataniwa.

Baada ya hapo Felista hakutengeneza tena video ya muziki. Walikuja waimbaji wenye nyimbo nzuri, akawapa chai, akawaelekeza kwa wengine. Akarudi kwenye wadudu wa maharage mpaka alipostaafu, na filamu zake za wadudu, kama mmeziona, ni nzuri kuliko mdudu anavyostahili. Inaniuma. Nimefanya kazi na wengi waliojiita waongozaji, na yule mmoja aliyekuwa na kipaji kweli alikiweka kabatini akafunga. Sasa anakaa Kilakala, macho yanamsumbua kama ya mjomba wake. Lakini video mpya ya maana ikitoka hunipigia. "Mrutu, umeiona? Kamera iko wapi pale kwenye ngazi?" Tunabishana nusu saa. Ile ya Mjomba hatuigusi. Tukimaliza anasema haya, msalimie mkeo.

Baada ya sherehe yenu nilishindwa kukaa. Nikachukua bodaboda nikapanda Matombo kumwona Mzee Salumu. Bibi Tekla alishatangulia. Salumu amezeeka sana, anatembea akishika ukuta, amevaa shati jeupe lililofuliwa vizuri. Tulikuwa hatujamaliza salamu wakapita watoto wa shule.

"Shikamoo Babu Damiani."

"Marahaba," akajibu.

Nikamtazama. Akainua mabega. "Nimeacha kubishana nao. Hawa ni vitukuu wa Damiani mwenyewe. Wamemwona babu yao kwenye simu, anaimba, wanamjua. Nikiwaambia ni mimi, wanasema babu anatania." Akapangusa magoti. "Mtani unamuiga marehemu ili watu wacheke, Mpare. Hawa wananitazama wala hawacheki."

Niliwatazama wale watoto mpaka wakapotea kwenye migomba.

"Na mimi nikifa," akasema, "watani zangu watavaa koti la nani? Sura yangu ameshaichukua yule mbwa." Hapo akacheka kidogo, maana hata leo hawezi kumaliza kumzungumzia rafiki yake bila kumtukana.

Nikatoa simu mfukoni. Nikamwambia nataka kumpiga picha, yeye Salumu, kwa jina lake. Alifurahi, aliniuliza kama avae kanzu, nikasema hapana, sasa hivi, ulivyo. Tukatoa kigoda nje. Siku hiyo nayo anga lilikuwa tupu, bonde lote linaonekana, hakuna ukungu hata wa kuokota. Sikutazama huko. Simu haihitaji karatasi. Nikabonyeza.

"Sema jina lako, Mzee."

"Salumu," akasema. "Naitwa Salumu. Mtani wa Damiani."

"Sasa imba."

"Mimi siimbi. Mimi natukana."

"Basi mtukane Damiani."

Akatabasamu, akajiweka sawa kwenye kigoda. Akakohoa kikohozi kifupi, mara mbili. Akavuta mkono wa kushoto wa shati. Kisha kidole chake kikateremka chenyewe kwenye kifungo cha chini, kikahakikisha kimefungwa. Hakujua kama amefanya hivyo, nami sikumwambia. Nyuma yangu watoto walikuwa wamerudi, nikasikia mmoja wao anawaita wenzake taratibu waje waone, Babu Damiani anataka kuimba.

Sikusimamisha.